Nyumba ya wazazi wawili walio kazini: namna ya kupanga saa, kugawana majukumu na kupunguza msongo

Katika nyumba ambayo baba na mama wote hutoka kwenda kazini, siku haivunjiki mchana. Huvunjika alfajiri, kati ya saa 11 na nusu na saa 1 na nusu, kisha huvunjika tena jioni, kuanzia saa 12 hadi saa 3 usiku. Ndani ya saa hizo tano kuna uji, sare, foleni ya Jinja Road jijini Kampala, kazi za shule, kuoga, sigiri isiyotaka kuwaka, na watu wazima wawili waliokwisha kuchoka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya saa hizo. Unaanza na jambo ambalo familia nyingi hulikosea: hugawana vitendo, lakini kuvikumbuka vitendo hivyo kunabaki kwa mtu mmoja. Mmoja anapika, mwingine anaosha vyombo, vizuri. Ila nani anajua kwamba unga uliobaki ni wa siku mbili? Nani anakumbuka kwamba shule imetaka rimu ya karatasi na ufagio kufikia Jumatatu? Huyo ndiye anayelala akihesabu, na mara nyingi ni mama.

Wiki ya kwanza: andikeni tu, msibadilishe kitu

Chukueni daftari la kurasa 48, mlitundike kwa kamba jikoni pamoja na kalamu. Chora safu nne: saa, kazi, aliyeifanya, aliyeikumbuka. Kila mtu mzima wa nyumba, pamoja na dada wa kazi kama yupo, aandike kazi dakika ileile anapoimaliza. Siku 7 kamili, kuanzia Jumatatu. Andikeni hata yale yanayoonekana madogo: kumpigia simu mwalimu, kununua umeme wa Yaka, yaani wa kulipia kabla, kuweka maharagwe kwenye maji, kumtafuta bodaboda wa kumrudisha mtoto.

Safu ya nne ndiyo yenye dawa. Mtakuta mtu mmoja amefanya kazi 30 na kukumbuka 50, na mwenzake amefanya 25 na kukumbuka 5. Kwa vitendo wanakaribiana, lakini mizigo yao hailingani hata kidogo.

Zoezi hili huharibika kwa njia tatu. Watu huandika usiku kwa kukisia, na hapo kila mmoja hujiongezea. Au huchagua wiki ambayo si ya kawaida, kama wiki ya likizo ya shule au yenye sikukuu. Au, baya kuliko yote, daftari hugeuzwa kuwa ushahidi wa kesi. Kubalianeni kabla ya kuanza kwamba hakuna atakayelitaja daftari katika ugomvi kwa siku hizo 7. Mtalisoma pamoja mara moja, Jumapili inayofuata, mkiwa mmekaa na mmeshiba.

Gawana jukumu zima, siyo kipande chake

Kila kazi ya nyumbani ina hatua nne: kuona kwamba inahitajika, kupanga lini na kwa pesa gani, kuifanya, na kuhakikisha imekwisha. Anayepewa kazi apewe zote nne.

Chukua sare za shule. Mwenye jukumu la sare ndiye anayeona kwamba soksi zimetoboka, ndiye anayezinunua, ndiye anayefua au kuhakikisha zimefuliwa, na ndiye anayeziweka kwenye kiti usiku. Mwenzake akiulizwa na mtoto "soksi ziko wapi?" anajibu bila kinyongo: "Muulize baba, sare ni zake." Kama baba anasubiri kuambiwa "leo fua sare", basi jukumu bado ni la mama, baba amekuwa kibarua wa siku moja.

Andikeni majukumu makubwa kama 10 hivi, kila moja kwenye kipande chake cha karatasi: chakula cha jioni; soko na akiba ya jikoni; asubuhi ya watoto; sare na nguo; shule, yaani karo, mahitaji, vikao na kazi za shule; afya na kliniki; maji, umeme na makaa; usafi wa nyumba; dada wa kazi; ndugu, misiba na sherehe. Hilo la mwisho huachwa nje ya hesabu, nalo ni zito. Michango ya kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwao binti, safari ya kijijini kuzika, simu za kuwajulia hali wakwe: mtu mmoja huyabeba kimyakimya mwaka mzima.

Tandazeni karatasi mezani na kila mmoja achukue kwa zamu. Msigawane kwa idadi. Jukumu la asubuhi ya watoto hurudi kila siku na halisubiri. La karo huja mara tatu kwa mwaka. Pima kwa mara ngapi linarudi na kama linaweza kuahirishwa. Yasiyoweza kuahirishwa, yaani chakula, asubuhi ya watoto na mtoto mgonjwa, lazima yaguse mikono ya wote wawili.

Kisha mkubaliane kiwango. Chakula cha jioni maana yake nini katika nyumba yenu? Kiko mezani saa ngapi? Posho, yaani ugali, na maharagwe yanatosha, au lazima pawe na mboga ya majani? Kiwango kisiposemwa, mmoja atafanya na mwingine atarudia, na anayerudiwa ataacha kufanya. Kiwango kikishawekwa, mwenye jukumu aachwe afanye kwa njia yake. Kama baba anampeleka mtoto shule akiwa hajachana nywele vizuri lakini amefika kwa wakati, ameshiba na daftari zake zimo, asisahihishwe mlangoni.

Zijue saa za kazi yako kama sheria inavyozijua

Watu wengi hupanga nyumba wakidhani saa za kazi haziguswi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa wiki kuwa kikomo cha kawaida. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu katika siku za kawaida na mara mbili katika sikukuu za taifa. Wanaofanya kazi kwa shifti wanaweza kuzidisha siku fulani, mradi wastani wa wiki tatu usipite saa 10 kwa siku au 56 kwa wiki. Kila baada ya siku 6 mfululizo kuna mapumziko ya saa 24 mfululizo. Likizo ya mwaka hupatikana kwa hesabu ya siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi, yaani siku 21.

Sasa piga hesabu ya likizo. Mwaka wa shule una mihula mitatu. Likizo mbili za katikati ya mwaka huwa takriban wiki 3 kila moja, na ile ya Desemba na Januari hukaribia miezi miwili. Watoto wako nyumbani zaidi ya miezi mitatu kwa mwaka. Wazazi wawili wakichukua siku zao 21 bila kugongana, wanapata siku 42. Zinazobaki zinahitaji mtu: jaja, yaani bibi au babu, kijijini, shangazi, au dada wa kazi aliyeandaliwa. Kalenda ya mihula ikishatangazwa, ombeni likizo mapema kwa maandishi. Sheria inataka tarehe zikubaliwe na pande zote mbili, kwa hiyo anayeomba Februari humshinda anayeomba Julai.

Likizo ya uzazi ni siku 60 za kazi. Anayefanya kazi siku 5 kwa wiki anapata wiki 12. Anayefanya siku 6 anapata wiki 10 tu. Miongoni mwa chanjo za mtoto kuna za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha za miezi 9 na miezi 18. Maana yake ile ya wiki ya 14 itamkuta mama amekwisha kurudi kazini, na kama alianza likizo kabla ya kujifungua, huenda hata ile ya wiki ya 10. Andikeni tarehe hizo kwenye kalenda siku mtoto anapozaliwa na muamue nani atampeleka. Baba ana siku 4 za kazi za likizo, mara tu mkewe anapojifungua. Azitumie kwa kazi za ndani ya nyumba: kupika, kufua, kubeba maji, kukesha. Wageni wa pongezi wapokewe na ndugu.

Kama saa zako zinagongana na za shule, omba mabadiliko kwa barua fupi yenye saa kamili. "Naomba kupunguziwa mzigo" humpa mkubwa wako nafasi ya kukuonea huruma na kusahau. Andika hivi: "Naomba kuanza saa 2 na nusu badala ya saa 2, na kutoka saa 11 na nusu badala ya saa 11, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majaribio ya miezi mitatu. Nimekubaliana na mwenzangu wa zamu kwamba atapokea wateja wa nusu saa ya kwanza." Saa hazipungui, kazi haikosi mtu, na majaribio yana mwisho, ombi la namna hiyo ni gumu kulikataa. Ukilazimishwa saa zinazopita sheria, wa kumwona ni afisa wa kazi wa wilaya, na uende ukiwa na daftari la saa ulizoingia na kutoka.

Asubuhi: hesabu kutoka mlangoni kurudi nyuma

Tuseme mnakaa Kireka. Mtoto wa P.3, yaani darasa la tatu, anatakiwa awe shuleni saa 1 na nusu, na kwa miguu ni dakika 15. Ongeza dakika 10 za akiba: mlango unafungwa saa 1 na dakika 5. Kuvaa viatu, koti na begi huchukua dakika 10, siyo 2. Anza saa 1 kasoro dakika 5. Kunywa chai dakika 20: mezani saa 12 na dakika 35. Kuoga na kuvaa dakika 20: mtoto aamke saa 12 na robo. Mtu mzima wa zamu ya asubuhi aamke saa 11 na nusu, aoge na avae yeye kwanza.

Hapo ndipo nyumba nyingi huteleza. Mzazi huwashughulikia watoto akiwa na kanga au kaptula, akitumaini kuvaa mwishoni, na "mwishoni" huwa ni saa 1 kamili, maji ya kuoga yamepoa na mtoto mdogo amemwaga uji. Mtu mzima aliyekwisha kuvaa ana subira maradufu.

Mambo yafuatayo yafanywe usiku uliotangulia, kabla ya saa 3, na mwenye jukumu la asubuhi: sare nzima kwenye kiti kimoja pamoja na soksi na chupi; viatu vimepigwa rangi na viko mlangoni; begi limefungwa baada ya kusoma kijitabu cha ujumbe kutoka shuleni na kukitia sahihi; pesa za safari zimetengwa zikiwa chenji; maji ya kuoga yamejazwa kwenye jerikani; chai ya asubuhi iko tayari kwenye chupa ya joto au unga wa uji umepimwa. Makaa yawekwe ndani ya sigiri kabisa, na sigiri ikae sehemu isiyonyeshewa. Sigiri huchukua dakika 15 hadi 20 kushika vizuri. Mwenye mtungi wa gesi autumie asubuhi hata kama mchana anapikia makaa, kwani dakika hizo 20 ndizo ghali kuliko zote za siku.

Watu wazima wakiwa wawili, mmoja awe wa jikoni, mwingine wa vyumbani. Wasibadilishane katikati. Mtoto anayeitwa na sauti mbili hasikii hata moja.

Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, rudisheni ratiba yote nyuma kwa dakika 20. Mvua ya alfajiri ikinyesha Kampala, bodaboda hupungua, nauli za teksi hupanda na barabara hujaa.

Jikoni: pika mara mbili kwa wiki, pasha siku zote

Anayerudi saa 1 usiku hawezi kuanza maharagwe. Akianza, mtakula saa 4 na watoto watakuwa wamelala. Maharagwe yasiyolowekwa huchukua saa 2 hadi 3. Yaliyolowekwa usiku mzima, takriban saa 8, huiva kwa saa 1 hadi 1 na nusu. Loweka Ijumaa usiku na Jumanne usiku. Kilo 1 ya maharagwe makavu huwatosha wazazi wawili na watoto watatu kwa milo miwili, mara nyingine mitatu.

Mwaga maji ya kulowekea, tia mapya, chemsha bila nyanya, bila ndimu. Tindikali ya nyanya huyafanya maharagwe yabaki magumu hata ukichemsha mchana kutwa. Wengi hulaumu maharagwe ya zamani kumbe walitia nyanya mapema. Yakishaiva bila kiungo, gawa mafungu. Kwenye friji hukaa siku 3. Kila jioni toa fungu moja, kaanga kitunguu na nyanya, changanya, dakika 15 umemaliza. Asiye na friji apike ya siku moja tu, ayachemshe tena asubuhi na jioni, na asitie karanga ndani ya chungu kizima, kwa sababu mchuzi wa karanga huchacha haraka.

Kuna njia ya kuokoa makaa inayofaa sana watu wa kazini: kapu la joto. Tafuta kapu kubwa, lijaze majani makavu ya mgomba au blanketi kuukuu pande zote. Chemsha maharagwe yaliyolowekwa kwa moto mkali dakika 30, sufuria ikiwa na mfuniko mzito, kisha itumbukize kapuni, funika na uache kwa saa 3 hadi 4. Baada ya hapo yachemshe tena kabla ya kula. Usiruke ule mchemko mkali wa mwanzo: maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayoumiza tumbo, na joto la kapu peke yake haliiondoi.

Onyo moja la lazima. Usiache sigiri yenye makaa ndani ya nyumba mliyolala, hata kama mvua inanyesha na maharagwe hayajaiva. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala moshi, na huua watu wakiwa usingizini.

Matoke yanaweza kumenywa usiku na kulala ndani ya maji yasigeuke meusi. Mboga kama dodo na nakati zichambuliwe Jumamosi, zikaushwe maji na kufungwa kwa kitambaa.

Kuhusu nguo: kila mtoto awe na mashati matatu na kaptula au sketi mbili, fua Jumatano na Jumamosi, basi. Kuhusu maji: lita 20 kwa kila mtu kwa siku ni kiasi cha chini cha mahitaji ya msingi. Familia ya watu 5 ihifadhi jerikani 10, za siku mbili, kwa sababu bomba likikauka siku ya kazi hakuna mwenye muda wa kupanga foleni.

Dada wa kazi naye ni mfanyakazi

Nyumba nyingi mjini haziwezi kusimama bila yeye, na nyumba hizohizo humpoteza kila baada ya miezi michache. Mara nyingi sababu ni saa zake. Akiamka saa 11 alfajiri na kulala saa 5 usiku, amekuwa kazini saa 18. Mapumziko ya saa 24 kwa wiki ni yake pia.

Ajiri aliyefika miaka 18. Omba nakala ya kitambulisho, barua ya LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, wa anakotoka, na namba za ndugu wawili. Andikeni kwa lugha anayoisoma: kazi zake ni zipi na zipi si zake, saa ya kumaliza siku, siku ya mapumziko, mshahara na tarehe ya kulipwa. Mlipe tarehe hiyohiyo kwa simu, ili kumbukumbu ibaki. Kaa naye siku za kwanza hata kama ni kwa kuchukua siku 2 au 3 za likizo. Mwoneshe dawa ziko wapi, nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, jirani gani wa kukimbilia. Wengi huondoka Desemba kwenda nyumbani na hawarudi. Kaa naye mwezi Novemba, muulize waziwazi kama atarudi, na mkubaliane tarehe.

Jukumu la kuzungumza naye liwe la mzazi mmoja tu. Akipokea amri mbili zinazopingana ataasi zote mbili.

Watoto wafanye nini

Mtoto wa miaka 4 anaweza kuweka nguo chafu kwenye beseni na viatu mahali pake. Wa miaka 7 anaosha soksi na vikombe, anatandika kitanda, anachambua mchele. Wa miaka 10 anafagia, anafua shati lake, anapasha chakula kwa gesi mtu mzima akiwepo. Wa miaka 13 anapika mlo mzima. Wavulana na wasichana sawasawa. Kijana anayejifunza posho leo hatamwelemea mtu kesho. Mpe kila mtoto kazi moja au mbili za kudumu kwa muhula mzima, asizungushwe kila siku, na umwachie muda wa kucheza kila jioni. Kazi za nyumbani zikila muda wake wa kusoma na kulala, umezidisha.

Wenye shifti, na mama anayenyonyesha

Wauguzi, walinzi na wafanyakazi wa viwanda vya Namanve, Mukono na Jinja hawana wiki inayofanana na nyingine. Ratiba ya shifti ikitoka, inakiliwe siku hiyohiyo kwenye kalenda ya ukutani. Kanuni ni mbili. Anayetoka shifti ya usiku hana jukumu la asubuhi wala la kufua. Anakula, anaingia chumba chenye pazia zito, simu inazimwa, na haamshwi kabla ya saa 5 hivi za usingizi. Na anayeingia usiku huo hapiki jioni. Alale walau saa 1 na nusu kabla ya kutoka. Familia zikivunja kanuni hizi, ajali za jikoni na barabarani ndizo hufuata.

Mama anayenyonyesha na kurudi kazini aanze kukamua wiki 2 kabla. Mikono isafishwe kwa sabuni, chombo kiwe na mfuniko. Maziwa hukaa muda wa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na siku 4 kwenye friji. Gulu au Arua mchana joto hupita hapo, basi beba kibegi chenye barafu. Kilichopashwa na kubaki kimwagwe. Kumlisha kwa kikombe kidogo ni salama kuliko chupa, kwa sababu kikombe husafishika chote.

Jioni, na kikao cha Jumapili

Anayefika nyumbani apewe dakika 10 za kunywa maji na kubadili nguo kabla ya kuombwa lolote. Baada ya hapo simu iwekwe kabatini hadi watoto walale. Kazi za shule zifanywe kabla ya kula. Mtoto aliyeshiba posho saa 2 usiku hasomi, anasinzia.

Jumapili jioni kaeni dakika 20 na kalenda. Maswali ni manne: nani yuko kazini lini, watoto wanahitaji nini wiki hii, tutakula nini, nani amechoka kupita kiasi na apunguziwe nini. Pesa kubwa na ugomvi wa zamani visiingie hapo. Vitengewe siku yake. Kila mzazi apate vipindi viwili kwa wiki, vya saa 1 na nusu, ambavyo havina mtoto, havina ndugu wala kazi: kwenda kanisani au msikitini, kutembea, kulala. Viandikwe kwenye kalenda kama kliniki inavyoandikwa.

Msongo ukizidi ratiba

Uchovu huisha ukilala. Msongo hauishi. Tazameni dalili hizi kwa wiki mbili: kushtuka saa 9 usiku na kushindwa kulala tena, kichwa na mabega kuuma kila jioni, kumfokea mtoto kwa jambo dogo kisha kujuta, kusahau vitu ambavyo hujawahi kusahau, kukaa kwenye kilabu au ofisini kwa sababu tu hutaki kufika nyumbani, pombe kila siku. Baba mara nyingi huonesha msongo kwa hasira na ukimya, na hapo watu hudhani ana kiburi.

Hatua ya kwanza ni kumwondolea mtu huyo jukumu moja zima kwa mwezi mmoja, jukumu halisi, na kumrudishia usingizi wa saa 7. Zikipita wiki mbili bila nafuu, aende kituo cha afya aseme wazi dalili zake. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili, ambako mtu anaweza kutibiwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mama aliyejifungua na ana huzuni inayopita wiki mbili aende vivyo hivyo. Anayefikiria kujidhuru asiachwe peke yake, apelekwe siku ileile. Na kama hasira imekwisha kumfikia mtoto kwa kipigo, namba 116, Sauti, simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure.

Siku mipango ikivunjika

Bandikeni nyuma ya mlango karatasi moja yenye mambo matano. Mtoto akiugua: mwezi huu anayekosa kazi ni nani, mwezi ujao ni nani. Dada akiondoka ghafla: majirani wawili na ndugu mmoja waliokwisha kukubali kusaidia kwa siku 3, na namba zao. Mzazi akikwama njiani: nani mwingine ambaye shule inamjua kwa jina na sura kwamba anaruhusiwa kumchukua mtoto. Umeme ukikatika: tochi iko wapi, betri zina chaji, chakula gani cha friji kinaliwa kwanza. Pesa zikiisha kabla ya mshahara: kilo 2 za maharagwe, kilo 5 za unga na chumvi vilivyowekwa kando, ambavyo haviguswi katika wiki ya kawaida. Karatasi hiyo isomwe upya mwanzo wa kila muhula, kwa sababu majirani huhama na namba hubadilika.